Breka Isiyokata

Mkono wa mama mkwe wangu ulinitoka mara mbili kabla sijaushika sawasawa. Mara ya kwanza ni moshi, sikuona nimeshika nini. Mara ya pili ngozi yake ilibaki kwenye kiganja changu. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu wapo watu wazima katika mji huu wa Songea wanaotakiwa kulisoma jambo hili bila kufunikiwa.

Ilikuwa saa kumi, jua bado kali, watoto wanatoka shule. Sare nilizokuwa nimeshona wiki mbili, sketi za marinda zimepigwa pasi na kupangwa mezani, zilishika moto zote kwa pamoja. Silingibodi ya dari ilikuwa inadondoka vipande vipande. Mama alikuwa amekaa kitandani chumba cha ndani, miguu yake haikuwa ya kukimbia. Hakupiga kelele. Alikohoa, akaniita, akakohoa tena. Nilimkamata kwapani nikamburuta kinyumenyume kupita ukumbini, juu yetu boksi la umeme linatema cheche ukutani, mpaka uani. Mtu akatumwagia ndoo ya maji ya kufulia, maji yenye sabuni.

Nilikuwa nimepiga magoti, sijajua bado kama na mimi nimeungua. Nilikuwa nimeungua, mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, na kidole cha mwisho hakikunjuki hadi leo. Hapo nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke, ya chini, anamwambia mwenzake, "Huyu ameacha pasi."

Mama aliishi siku nne baada ya hapo. Maneno yale bado yanaishi. Kwa ukoo wa mume wangu mimi ni mwanamke aliyeacha pasi akamuunguza mama yao, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Sikuacha pasi. Nataka hilo likae hapa mwanzo, halafu nieleze nani alifanya nini.

Mimi ni mtu wa Tunduru, mtoto wa mkulima wa korosho, Mwislamu. Shule niliishia darasa la nne. Mume wangu ni mtu wa Maposeni, Mkatoliki, watu wa mahindi na nguruwe. Tulioana bomani kwa sababu msikiti haukutaka na kanisa halikutaka. Kwao walinipokea kama mtu anavyopokea mgeni aliyekosea nyumba. Kaka yake mume wangu, shemeji yangu mkubwa, ambaye ni katekista, alikuwa akinisalimia huku anatazama mlango.

Mama yao peke yake ndiye aliyekuwa tofauti. Safari ya kwanza nilipokwenda Maposeni nilikaa na njaa mchana kutwa, naogopa kuuliza sufuria ilipikia nini jana. Yeye akaingia ndani, akatoka na sufuria mpya imefungwa kwenye gazeti, akanionyesha mpaka chini. Akasema, "Hii haijawahi kukutana na nguruwe, mwanangu. Nimeitundika darini tangu niliposikia unakuja." Na kila nilipokwenda aliitungua kutoka darini, akanipikia, akaiosha, akaitundika tena, na ole wake mjukuu aliyeigusa. Kwa hiyo mtu akiniambia nilimchoma mama huyu kwa uzembe wangu, ajue anamzungumzia nani.

Miguu ilipoanza kumvimba tulimleta kwetu Lizaboni, hapa mjini. Mume wangu alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika, na tulijenga nyumba yetu ya vyumba viwili na ukumbi kwa matofali ya kuchoma wakati chama kingali na nguvu. Halafu ndiyo ikaja ile ruksa ya kila mtu kununua na kuuza. Matajiri wakaja na malori yao na mizani yao mpaka shambani, ghala la chama likabaki na panya, na mume wangu akarudi nyumbani siku moja amebeba kikombe chake cha chai na kalenda ya ofisini. Hakufukuzwa, alipunguzwa. Kuanzia hapo nyumba ilisimama kwenye cherehani yangu na pasi yangu.

Nilishona sare za shule. Sketi ya marinda bila pasi ni kitambaa tu, mzazi hawezi kuipokea. Na umeme wetu miaka ile ulikuwa wa majenereta ya dizeli, unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Ndani ya boksi letu ukutani kulikuwa na breka ya zamani. Kwa asiyejua, breka ni kidude chenye kitufe, kazi yake ni kukata umeme ukizidi, ili waya usiungue. Yetu ilikuwa inakata ovyo. Nikiweka pasi, inakata. Jirani akiwasha koili yake ya kupikia, inakata, maana jirani alikuwa amevuta waya kutoka kwetu kupita darini, kama walivyofanya watu wengi ambao nguzo haikuwafikia. Nilikuwa napanda kwenye kigoda kuirudisha mara ishirini kwa siku. Mama alikuwa akinicheka kutoka chumbani kwake. Alisema mimi na hiyo breka tumeoana, maana hakuna mume anayenyanyukiwa hivyo.

Nikamwita fundi. Naye alikuwa wa kwetu Tunduru, kijana mtulivu, tukikaa pamoja tunazungumza Kiyao. Aliniita fundi mwenzangu, kwa sababu yeye alikuwa wa umeme na mimi wa nguo. Nilimwambia nataka breka isiyokata. Maneno hayo ni yangu, sikusukumwa na mtu, na siku nitakapoyaficha nitakuwa sawa na hao ninaowashitaki hapa.

Alirudi baada ya siku tatu na breka nyeusi yenye kitufe chekundu, ameifunga kwenye leso. Akaniambia imetoka nyumba ya mkubwa.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wa leo hawawezi kuelewa. Sisi watu wa Songea tulikuwa na imani na vitu vilivyotoka nyumba za serikali. Ofisa akihamishwa, au nyumba ikikarabatiwa, vitu vilikuwa vinashuka mtaani: milango, sinki, mabomba, vitasa. Watu waligombania. Kitanda nilicholalia mimi kilikuwa na namba ya serikali imepakwa rangi nyeupe mguuni, na nilikuwa najivunia namba ile. Tuliona kwamba serikali haiwezi kumwekea mkubwa kitu kibovu. Madukani wakati huo vitu vilikuwa vimejaa ghafla, vya rangi rangi, kutoka nchi tusizozijua, wakati miaka michache nyuma tulipanga foleni kupata balbu. Vya madukani tuliviogopa kidogo. Lakini kikishapita nyumba ya mkubwa, tulihesabu kimeshapimwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mkubwa amekiondoa. Fundi alisema wakubwa wanabadilishiwa kila mara kwa sababu wanapenda vipya, na hata mimi niliona ndivyo walivyo.

Akaifunga. Majirani wakaja kutazama, maana breka yangu ya zamani ilikuwa inajulikana mtaa mzima. Fundi akasema leo tutaijaribu kiume. Akaweka pasi, akaweka koili ya jirani, akaweka na koili nyingine ya kuazima, redio, taa zote. Tukasimama tunatazama kile kitufe chekundu. Hakikushtuka. Fundi akazidisha kitu kingine, sikumbuki nini, waya wa koili ukaanza kunuka, na bado kitufe kimekaa pale pale. Watu wakapiga makofi. Mama akauliza kutoka chumbani imekuwaje. Nikamwambia haikati. Akasema, "Basi imenizidi mimi kwa uvumilivu, na mimi nimezaa na baba yao." Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Tulipiga makofi, ndugu msomaji. Kilichotakiwa kutukimbiza nje ndicho tulichokipigia makofi.

Baada ya hapo nyumba yangu ikawa ya watu. Siku umeme ukiwa upande wetu, wanawake walileta nguo zao kupiga pasi kwangu, na mama akawa na watu wa kuongea nao. Alikuwa anatengeneza togwa, anawagawia. Nadhani ile ndiyo miezi aliyofurahi kuliko yote tangu miguu imkatae.

Siku moja akaja mkaguzi wa umeme, mtu wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuangalia waya. Akafungua boksi letu. Nilikuwa nimesimama pale na utepe wangu wa kupimia shingoni, kwa hiyo niliona. Aliitazama ile breka nyeusi muda mrefu. Akakigusa kitufe. Akaniuliza tumeipata wapi, nikamjibu kwa majivuno kwamba imetoka nyumba ya mkubwa. Akafunga boksi, akanywa togwa ya mama bilauri mbili, akatia sahihi kadi yake, akaaga. Hata waya uliokwenda kwa jirani, ambao alitakiwa kutugombeza kwa ajili yake, hakuutaja. Nilifurahi nikidhani ni mtu mpole.

Sasa siku yenyewe. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Pasi ikiwa haina moto mimi huwa naichomoa kwenye soketi, nauzungusha waya, nautundika kwenye msumari wa dirisha lililo kando ya meza, kwa sababu nina mtoto mdogo na waya unaoning'inia ni mkia anaotaka kuuvuta. Niliuchomoa. Niliutundika. Nikamwambia mama nakwenda kununua zipu na nyuzi, nikambeba mtoto mgongoni. Sikukawia. Nilipokuwa narudi nikaona taa ya duka inawaka mchana, nikajua umeme umerudi. Hatua chache mbele nikaona moshi juu ya bati, na lilikuwa bati letu. Nikamshusha mtoto, nikamkabidhi mwanamke wa kwanza niliyemkuta njiani.

Mengine nimeshasema.

Hospitali walifanya walichoweza. Mama koo lilikuwa limeungua ndani, hawezi kusema. Siku ya pili, watoto wake wote wamemzunguka na mimi nimesimama mlangoni na mkono wangu wa bandeji, alinyanyua kidole akaonyesha juu. Akaonyesha tena. Shemeji akapiga ishara ya msalaba, akasema mama anatuonyesha anakokwenda. Wakaanza kusali. Mimi nilifikiri anaonyesha darini, pale juu ya mlango, kwenye boksi la umeme. Alikuwa peke yake ndani, alilala uso ukitazama mlango ule, aliona kilichoanza. Lakini siwezi kuapa. Pengine shemeji alikuwa sahihi. Mimi natamani tu mtu mmoja angemuuliza, akajibu hata kwa kichwa.

Msibani Maposeni shemeji alisimama mbele za watu. Hakunitaja. Alisema kuna watu wanaoletwa katika ukoo na hawajui kutunza mzee, wanajua kutunza biashara. Alisema pasi ni kitu kidogo lakini kikikosa mwenyewe kinamaliza nyumba. Watu waligeuka wakanitazama. Mume wangu alikuwa amekaa na wanaume, akatazama chini kati ya viatu vyake.

Nilikuwa na kitu cha kumwonyesha. Kabla ya kwenda kuzika nilichakura majivu ya nyumba yangu kwa mkono wa kushoto. Pasi niliikuta pale meza ilipokuwa, ndiyo, ndipo inapokaa siku zote. Plagi ilikuwa imeyeyuka, lakini zile pini zake tatu za shaba haziungui. Nilizikuta chini ya dirisha, chini ya msumari, hatua nne kutoka kwenye soketi. Nilimwekea mume wangu kiganjani. Alizishika muda mrefu. Nadhani aliniamini. Akazipeleka kwa kaka yake, na kaka yake akasema, "Amekuwa na siku nzima ya kuziweka anapotaka." Mume wangu akanirudishia zile pini. Baada ya mwaka alikwenda Maposeni kulima msimu mmoja, akalima wa pili, hakurudi. Hakunifukuza wala hakuniacha kwa talaka, alibaki tu kule. Simlaumu sana. Mtu aliyezika mama yake hana nguvu ya kugombana na kaka yake.

Kwenye kaburi la mama nimekwenda mara tatu, mchana watu wakiwa shambani, kama mwizi.

Nilipanga chumba Msamala, nikaendelea kushona. Mwaka wa pili nilipata kazi ya mapazia kwa mke wa ofisa mmoja kwenye nyumba za serikali, mama mcheshi wa kutoka Kanda ya Ziwa. Nilipokuwa juu ya ngazi napima dirisha, umeme ukakatika ndani. Yeye akaenda kwenye boksi akabonyeza, ukarudi, akanung'unika kwamba hizi mpya zinakata ovyo, afadhali zile nyeusi za kwanza wasingeziondoa. Nikamuuliza nyeusi zipi. Akasema zile zenye kitufe chekundu, gari lilikuja, wakapita nyumba zote za serikali wakazitoa. Nikashuka kwenye ngazi.

Alinitafutia barua. Ilikuwa ya Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili, kwanza haraka, halafu akaona uso wangu akasoma polepole. Ilisema breka za aina ile zina kasoro kiwandani, zinaweza zisikate umeme ukizidi, zinaweza kusababisha moto. Aliyenazo asizitumie. Aliyeziuza azikusanye azirudishe zikaharibiwe. Nikamwomba anisomee siku ya barua. Ilikuwa miezi sita kabla fundi hajaja kwangu na ile leso.

Yule mama alilia kabla yangu. Akanipa barua nikaitoe kopi. Akasema, "Mama, ninyi hamkuambiwa?" Nikamwambia hatukuambiwa. Akasema na wao hawakuambiwa zilikopelekwa.

Nilimtafuta fundi. Alikuwa ameacha umeme, amerudi Tunduru kwenye mikorosho ya baba yake. Nilipanda gari kumfuata. Nilimkuta anapalilia, nikamsomea barua kwa kichwa, maana nilikuwa nimeikariri. Alikaa chini pale pale kwenye majani. Akaniambia kwamba baada ya moto alipanda kwenye mabaki ya nyumba yangu, aliona waya uliokwenda kwa jirani umeungua ndani kwa ndani urefu wote, na breka imeyeyuka ikiwa haijakata. Jirani alikuwa ameacha koili yake imewashwa wakati umeme haupo. Umeme uliporudi, koili ikavuta, waya ukapata shoti, na breka ikaangalia tu. Alijua siku ile ile. Aliogopa akanyamaza.

Na ndipo nilipojua kwa nini yule mwanamke alisema nyuma yangu kwamba nimeacha pasi. Ni huyo huyo jirani. Sauti niliifahamu tangu siku ya kwanza, sababu ndiyo sikuifahamu. Simdai. Alisahau koili kama ambavyo mtaa mzima unasahau umeme ukikatika. Breka imewekwa kwa ajili ya wanaosahau. Na alisema uongo kwa hofu, mama wa watoto watano, mume hana. Ningekuwa mimi, sijui.

Nikamuuliza fundi breka aliipata wapi. Akasema kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme, lile la karibu na soko. Siyo mbele, mlango wa nyuma. Kulikuwa na katoni stoo, mwenye duka akawaambia mafundi hizi ni za nyumba za wakubwa, ziko kama mpya. "Wallahi, dada, nilikuchagulia iliyo nzuri," akasema. Alikuwa hawezi kunitazama. Nilimwambia namwamini, na namwamini hata leo. Alidanganywa kama mimi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na bisibisi.

Basi nikaenda dukani. Mwenye duka alikuwa mtu wa heshima, na bado ni mtu wa heshima, harusi haifanyiki mji huu bila mchango wake. Alinipa kiti, akaagiza soda. Nilimwamkia shikamoo, nikaweka kopi mezani. Hakuisoma. Aliijua kwa umbo lake.

Alianza kwa kusema alizirudisha zote. Nikamwambia fundi amenieleza mlango wa nyuma. Akapanga kalamu zake, halafu akasema kitu ambacho nadhani hakukusudia kukisema kwa sauti.

"Mama, katoni ilikaa stoo miezi. Walioandika barua hawaji kuichukua, gari la kuirudisha hawaleti. Ningeila?"

"Ungeichoma moto," nikamwambia.

"Zilikuwa zinafanya kazi. Zilikuwa hazikati tu." Halafu akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na wewe si ndiye uliyetaka isiyokata? Fundi alikuja hapa akaulizia kwa maneno hayo hayo. Mteja akitaka kitu nimnyime?"

Nikamwambia, "Nilitaka isiyokata ovyo. Sikutaka isiyokata mama yangu akiungua."

Soda sikuigusa. Alinisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akaniambia nikipata shida yoyote nisisite kupita.

Mkaguzi nilimpata baadaye sana, amestaafu, anaishi hapa hapa Msamala mitaa miwili kutoka kwangu. Nilimkuta anamwagilia mchicha. Nilimkumbusha togwa, akakumbuka togwa kabla ya nyumba. Alisema barua ilikuwa ofisini kwao, yeye mwenyewe alizunguka na lile gari kuzikusanya na kuzikabidhi dukani. Nikamuuliza basi kwetu ilikuwaje. Akasema orodha aliyopewa ilikuwa ya nyumba za serikali. Lizaboni haikuwa kwenye orodha.

"Lakini uliiona," nikasema. "Ulifungua boksi ukaitazama."

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye viatu vyake. "Niliiona," akasema. "Nilijiuliza imefikaje huku. Nikasema ningeandika ripoti, ningeulizwa nilizikabidhi kwa nani, na nilizikabidhi bila kuandikishana."

Nilimwomba twende wote Maposeni, nauli juu yangu, aseme hivyo hivyo mbele ya shemeji. Akanijibu kwa upole kwamba yeye ana pensheni yake, na mambo ya zamani yakifukuliwa hayamwachi mtu.

Nimefikisha miaka hamsini na ushee. Binti yangu niliyembeba mgongoni siku ile ameolewa mwaka jana. Kwenye kikao cha ukoo wa baba yake nilipewa kiti cha nyuma, karibu na wapishi, na wakati wa mama kusema neno akasimama shangazi yake. Nilimsikia mgeni mmoja anauliza mama mzazi yuko wapi, na mwingine akamnong'oneza. Sikuhitaji kusikia alichonong'ona.

Kwa hiyo naandika sasa, na wanaonijua wanajua nawasema nani. Wewe mwenye duka la karibu na soko, uliambiwa uziharibu, ukazipitisha mlango wa nyuma kwa watu ambao hawapelekewi barua. Wewe mkaguzi uliyestaafu, ulikuwa na barua ofisini na breka mbele ya macho yako, ukachagua sahihi yako isiharibike. Na ninyi mlioiandika barua ile kwa Kiingereza mkaipeleka kwenye nyumba mlizozijua tu, mlidhani umeme unaunguza kwa orodha?

Katoni haikuwa na breka moja. Moja ilikuwa kwangu. Mwenye duka, unawajua mafundi waliokuja mlango wa nyuma, na mafundi wanajua kuta walikozifunga. Wapo watu leo, Lizaboni, Msamala, na kwingine, wanaisifu breka yao kwa wageni kwamba haijawahi kukata tangu ifungwe. Nenda kawatolee, ungali na nguvu za kutembea.

Halafu njooni Maposeni. Chagueni Jumapili yoyote, baada ya misa, shemeji yangu huwa anakaa nje ya kanisa na wazee wenzake mpaka saa saba. Ni mzee sasa, masikio yake bado yanasikia. Mume wangu naye yupo. Sihitaji mchango wala soda. Mmoja wenu asimame mbele yao aseme yale yale aliyoniambia mimi, kwa kinywa chake, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Mwenye duka na mkaguzi, nawaambia siku nitakayokuwa tayari kuondoka: ni siku yoyote. Nani kati yenu anakuja?